Mabati, Ngege na Video za Sekunde Thelathini

Mwaka jana mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, upande wa Kondele, aliniita nimsaidie kuvutia wateja kupitia TikTok. Wakati huo kulikuwa na dansi iliyokuwa ikivuma, na binti yake alikuwa amekwisha kumwonyesha maduka ya Nairobi yaliyoicheza. Tuliwakodi vijana watatu hodari wa kucheza, tukawasimamisha mbele ya rundo la mabati na mifuko ya saruji, tukarekodi asubuhi nzima, na jioni tukaipakia video. Ilitazamwa na watu wengi kuliko wote ambao wamewahi kuingia katika duka lile tangu lifunguliwe. Hata hivyo, kwa majuma mawili yaliyofuata mzee aliuza kiasi kile kile alichokuwa akiuza siku zote. Aliponipigia simu hakunilaumu, aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa watu wote waliotazama wako wapi?"

Swali hilo lilinifanya nibadilishe namna ninavyoifanya kazi hii, na ninaliandika hapa kwa sababu ninawaona wafanyabiashara wengi wa mji huu, na wa Nakuru, Kakamega na Bungoma, wakitumia pesa na muda wao kwa njia ile ile tuliyoitumia sisi.

Ili kulijibu ni lazima kwanza kuelewa jinsi video fupi inavyomfikia mtu. Mnamo Juni 2020 TikTok yenyewe ilieleza kwamba mfumo wake wa kupendekeza video hutazama mambo kama yale ambayo mtu ameyapenda, kuyatolea maoni au kuyasambaza, sauti na maneno yaliyomo katika video, na kwa uzito mdogo zaidi, lugha na nchi iliyowekwa kwenye simu. Ilieleza pia kwamba mtu akiitazama video ndefu kiasi tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni ishara yenye nguvu, na kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. Hii ndiyo sababu muuza samaki asiye na mfuasi hata mmoja anaweza kutazamwa na maelfu. Ni sababu pia ya dansi yetu kupelekwa kwa wapenda dansi, popote walipo, kwa kuwa ndani yake hakukuwa na neno lolote la kuujulisha mfumo, wala mtazamaji, kwamba hapa panauzwa mabati. Tuliomba kuonekana na watu wanaopenda kucheza, nasi tukaonekana nao.

Jambo ambalo nimelijifunza ni hili: kitu kinachovuma huwa na ngozi na mifupa. Ngozi ni wimbo, dansi, au msemo wa juma hilo. Mifupa ni umbo lake, yaani ahadi inayotolewa katika sekunde mbili za kwanza na jinsi inavyotimizwa mwishoni: kitu kibovu kinachogeuka kuwa kizuri, mtu wa kazi fulani anayetaja mambo ambayo yeye mwenyewe asingeyafanya, mzigo wa mteja unaofungwa mbele ya macho yetu, swali la mtazamaji linalojibiwa kwa video nyingine. Ngozi huchakaa kwa siku chache, na biashara ndogo ambayo ina kazi nyingine za kufanya haiwezi kuifukuzia kila mara. Mifupa hudumu kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, na inaweza kubeba bidhaa yoyote ile.

Kwa hiyo tulirudi dukani kwa mzee bila wachezaji. Wakati huo watu wengi walikuwa wakitengeneza video za kusema, "Mimi ni daktari wa meno, na haya ndiyo mambo ambayo nisingeyafanya." Mzee amekaa katika biashara ya mabati zaidi ya miaka ishirini. Alisimama mbele ya simu akiwa na vipande viwili, akasema kwamba yeye ni muuza mabati na asingenunua bati kabla ya kuuliza geji, yaani kipimo cha unene wake. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha taratibu kilichochanganyika na Dholuo, jambo ambalo wateja wengi hulielewa kinyume: kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba kuliko yote mawili. Alikibonyeza kipande cha geji 32 kwa kidole gumba mbele ya kamera, kikabonyea. Alikibonyeza cha geji 28, kikakataa. Akataja bei ya kila kimoja, na video ikaisha.

Ninataka kukaa kidogo kwenye hilo la bei, kwa sababu ni jambo linaloniumiza. Wauzaji wetu wengi huonyesha bidhaa nzuri, kisha mtu akiuliza bei huambiwa aje inbox. Mteja anayejua kwamba ana elfu mbili mfukoni hataki kuanza mazungumzo ya faragha na mtu asiyemjua ili tu agundue kwamba gauni ni elfu sita. Anasonga mbele, na muuzaji hujidanganya kwamba watu walikuja kuchungulia tu. Kuitaja bei hadharani hupunguza idadi ya maswali, ni kweli, lakini maswali yanayobaki huwa ni ya watu wanaotaka kununua: mnafungua saa ngapi, mnatuma mpaka Busia, mna saizi ya mtoto wa darasa la nne. Kila swali la namna hiyo linaweza kujibiwa kwa video ya sekunde kumi na tano, kwa kuwa TikTok inakuruhusu kuyabandika maoni ya mtu juu ya video unayomjibia, na muuzaji mwenye maswali hakosi cha kurekodi kesho yake.

Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, hakuhitaji hata kuzungumza. Tulimrekodi akimchanja ngege mbavuni, akimtia chumvi, akimtumbukiza katika mafuta, na tukauacha mlio wa mafuta uwe ndio sauti pekee. Umbo tulilotumia lilikuwa limeenea kwa wapishi wa kila nchi, lakini ziwa lililoonekana nyuma yake, sufuria yake na mikono yake vilikuwa vya hapa. Nilimwomba jambo moja tu, yaani maandishi mafupi juu ya picha: mahali alipo, saa anazouza, na bei ya samaki mdogo, wa kati na mkubwa.

Kampuni kubwa nazo zina la kutufundisha, ingawa si lile linalodhaniwa. Mnamo Septemba 2020 mfanyakazi mmoja wa Idaho, Marekani, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika, alijirekodi akiteleza barabarani juu ya ubao wa magurudumu huku akinywa maji ya matunda ya Ocean Spray kutoka kwenye chupa. Kampuni hiyo haikuwa imeipanga video ile. Siku chache baadaye ilimpa gari jipya lililojazwa chupa za kinywaji hicho, na mkurugenzi wake mkuu naye akajirekodi juu ya ubao kama yule bwana. Hawakubuni mvumo, waliusikia na kuuitikia haraka. Mwenye hoteli ya Kisumu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuwatazama wateja wake wanaojirekodi wakila mezani pake, akawashukuru, na kuomba ruhusa ya kuisambaza video yao.

Ninasema ruhusa kwa uzito. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Kenya iliitoza kilabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachi mtu kwa sababu biashara yake ni ndogo au kwa sababu kila mtu anafanya hivyo. Saluni, kinyozi na mkahawa, ambao video zao huwa na nyuso za watu, wamwulize mteja kabla ya kurekodi, na ikiwezekana wawe na jibu lake kwa maandishi.

Muziki una hatari yake. Akaunti ya biashara kwenye TikTok hupewa hazina ya muziki ulioidhinishwa kwa matumizi ya kibiashara, na nyimbo nyingi zinazovuma hazimo humo. Wengi hukwepa kizuizi hicho kwa kuigeuza akaunti iwe ya kibinafsi, na hapo ndipo wanapojiweka pabaya. Wakati wa changamoto ya dansi ya Jerusalema, wimbo wa Master KG wa Afrika Kusini, hata polisi, wazima moto na wauguzi wa Ujerumani walijirekodi wakicheza kwa nia njema kabisa, lakini mwanzoni mwa 2021 Warner Music ilizidai ada ya leseni baadhi ya taasisi hizo. Nchini Marekani, Universal Music iliishtaki kampuni iliyokuwa ikitengeneza kinywaji cha kuongeza nguvu cha Bang kwa sababu ya nyimbo zilizotumika katika video zake za TikTok, na mnamo Julai 2022 mahakama iliona kwamba kampuni hiyo ilikuwa imekiuka hakimiliki. Tunao wapiga ohangla na benga hapa hapa ambao wangefurahi kulipwa kidogo na kuandikiana mkataba wa ukurasa mmoja, na mimi ningependa zaidi kuusikia mlio wao kwenye video ya duka la Kisumu kuliko wimbo ambao kila mtu tayari ameuchoka.

Upo pia wakati wa kunyamaza. Mnamo Juni 2024, vijana walipoijaza TikTok kwa video za kueleza Mswada wa Fedha, na baadaye kwa majina ya waliouawa katika maandamano ya kuupinga, nilizisimamisha video zote za wateja wangu. Mmoja alilalamika kwamba tunapoteza mauzo. Bado ninaamini kwamba video ya ofa ya viatu ingewaumiza watu waliokuwa wakiomboleza, na wateja wa mji kama huu hukumbuka.

Kuhusu vifaa sina mengi: simu ya kawaida yatosha, mwanga wa asubuhi ni bora kuliko taa, na kelele za bodaboda ndizo zinazoharibu video nyingi kuliko kamera mbovu. Muhimu zaidi ni kuihifadhi video asilia katika simu, bila alama ya programu yoyote. India iliipiga TikTok marufuku tarehe 29 Juni 2020, na wafanyabiashara waliokuwa wamejenga kila kitu humo walilazimika kuanza upya kwingine. Mwenye video zake na nambari za wateja wake anaweza kuhamia Reels ya Instagram, Shorts ya YouTube au Status ya WhatsApp siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kondele sasa ana daftari kaunta, na kila anayenunua huulizwa alikojulia duka. Dansi haijatajwa hata mara moja. Video ya geji imetajwa na watu ambao sikuwatarajia, na kupitia wao nimelielewa lile swali la simu vizuri kuliko nilivyolielewa mwanzoni. Wengi wa watazamaji wako mbali kweli, lakini eneo letu limejaa nyumba zinazojengwa na watu wanaoishi kwingine, wanaotuma pesa kutoka Nairobi au Mombasa na kuogopa kwamba fundi au ndugu atawanunulia bati jembamba. Juma lililopita aliingia fundi kutoka Ahero akiwa ameishika simu mbele yake. Dada wa mwenye nyumba, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amemtumia video ile kwenye WhatsApp pamoja na maneno machache: "Nunua kwa huyu mzee, geji 28, na umwambie akibonyeze kipande mbele yako." Mzee alikibonyeza, kisha akaandika katika daftari: Ahero, kupitia Nairobi, mabati arobaini.