Ndovu, mawe na kiboksi cha kijani

Mwanangu juzi kaniuliza eti paka anaona aje gizani, nikamjibu kwamba mwanga kidogo tu unamtosha, lakini akili yangu ilikuwa ishafika Sagalla, kule karibu na Voi, ule usiku wa ndovu.

Tulikuwa huko kwa projekti yangu ya chuo. Kamera ya joto, ile inayoona joto badala ya mwanga, juu ya pikapu, laptopu magotini, na programu ya kumfuata ndovu kwenye video. Yenyewe inachukua fremu ya pikseli 640 kwa 480, inaififisha kidogo halafu inaipunguza nusu, 320 kwa 240, tena na tena mpaka 80 kwa 60. Kwa hako kapicha kadogo nyasi na chenga zote zinapotea, kitu kikubwa chenye joto ndicho kinabaki, doa tu. Unalishika hapo, halafu unapanda nalo hadi picha kamili kujua liko wapi hasa, na programu inalizungushia kiboksi cha kijani.

Shida ni mawe. Jua likishazama mawe hayapoi haraka, kwa hiyo jioni jiwe na ndovu kwenye skrini ni rangi moja. Kitu saa mbili hivi tukapata doa kando ya mwamba, limetulia tuli. Mwenzangu akasema hilo ni jiwe bwana, na kwa picha ndogo hata mimi niliona jiwe. Nikafungua ile kubwa. Ukingo mmoja wa doa ulikuwa unafifia, unarudi, unafifia, unarudi, polepole kama mtu anajipepea na kanga. Sikio! Tukakodolea hilo sikio, mbu nikawaachia mguu wajisaidie.

Mama mwenye shamba akaja kuchungulia.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama."

"Na hiyo mashine yenu inamfanya nini?"

"Inamfuata."

Akanitazama, akaenda kuchukua debe.

Debe likapigwa, tochi zikamulikwa, ndovu wapi. Jirani aliyezungushia shamba mizinga ya nyuki, vile wengi hufanya huko, hakuguswa. Shamba la mama likaliwa karibu hadi alfajiri, na kiboksi changu cha kijani kikaandamana na ndovu mstari kwa mstari wa mahindi bila kumpoteza. Lekchara aliipenda sana hiyo video. Mimi nikiulizwa kama projekti ilifanya kazi huwa nasema ndiyo, ila nasema haraka haraka.