Arusha hadi Moshi, kufuata gurudumu la nyuma

Kosta ya kwanza ilitukataa. Konda alikitazama kiti mwendo cha mdogo wangu, akasema mzigo ule hauna pa kukaa, gari likaondoka na siti wazi. Konda wa pili alikuwa mtu wa utu: alimbeba mdogo wangu mgongoni hadi siti ya mbele, kiti tukakifunga juu ya keria kwa kamba. Tulilipa nauli ya watu watatu. Ninaanza na hili kwa sababu habari za wachezaji wakubwa wa badminton, mchezo wa vinyoya, wa viti mwendo nyingi huanzia uwanjani. Kwetu safari huanzia stendi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru, magari yakijongea polepole kati ya mikungu ya ndizi. Mdogo wangu akatoa simu, akafungua tena mechi ya Daiki Kajiwara. Huyu ni Mjapani aliyekuwa akicheza besiboli shuleni mpaka ajali ya barabarani ilipomkosesha mguu wa kulia. Badminton iliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Kajiwara, akiwa na miaka 19, akachukua dhahabu ya mmoja mmoja ya WH2, daraja la wachezaji wa viti mwendo wanaomudu kiwiliwili chao vizuri, kwa kumshinda Kim Jung-jun wa Korea Kusini. Paris 2024 akaichukua tena.

"Dada, usitazame mkono. Tazama mgongo."

Nikatazama. Kwenye mechi ya mmoja mmoja, wa kiti mwendo huchezea nusu ya upana wa uwanja, na kinyoya kikiangukia kati ya wavu na mstari mfupi wa kuanzishia ni nje. Kinachobaki kila upande ni ukanda mwembamba wa mita 4.72 kwenda nyuma. Basi mpinzani anakusukuma nyuma, anakuita mbele, anakurudisha nyuma. Unavuta magurudumu kinyumenyume huku umeshika raketi, unalala chali macho juu, unapiga, na uwe umeshainuka kabla kinyoya hakijarudi. Na wakati wa kupiga, kiwiliwili lazima kiwe kimegusa kiti. Anayelala vile hapinduki kwa sababu nyuma ya kiti kuna gurudumu dogo la kukinga, na sheria zinaliruhusu.

Kiti cha mdogo wangu ni cha hospitali, kizito, hakina gurudumu hilo. Ameshaanguka nacho chali kwenye sakafu ya saruji, na tangu hapo hupiga akiwa ameinama mbele. Kwa namna hiyo kinyoya hakifiki nyuma, huishia katikati, na mpinzani yeyote anakimaliza. Mkono anao, jicho analo. Kinachomzuia ni kuhofia kisogo chake, na hilo linaniuma kuliko nauli.

Boma Ng'ombe, daraja la Kikavu, kisha Moshi. Mlima ulikuwa umejifunika.

Moshi mambo ya viungo bandia na viti si mageni. Pale hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo. Sisi lakini tulikwenda kwa mchomeleaji wa mtaa wa Majengo tuliyeelekezwa na jamaa. Alimwuliza mdogo wangu maswali yote yeye mwenyewe, si mimi, na kwa hilo tu nilimpenda. Akakata bomba, akachomelea mkono mmoja chini ya kiti, akafunga gurudumu la troli. Ubishi ukawa kwenye kimo: likigusa chini muda wote linaburuta, likiwa juu sana kichwa kinatangulia. Wakakubaliana upana wa vidole viwili.

Kisha akamwambia, "Haya kijana, lala."

Mdogo wangu alinitazama kwanza. Akajisukuma nyuma kwa kishindo, kiti kikainuka mbele, gurudumu likagota chini, kikasimama. Akarudia tena na tena, bila kushika chochote. Alipopewa raketi nikawa namrushia vinyoya pale uani, kati ya mageti na fremu za madirisha, na cha kwanza alichokipiga akiwa chali kilivuka ukuta wa jirani. Mafundi wakashangilia.

Bado kuna mkanda wa kiunoni wa kushona, na kiti halisi cha mchezo, ambacho hatuna fedha yake. Daraja lake litaamuliwa na wapimaji siku akiingia mashindanoni. Kwa jinsi anavyokunja na kunyoosha kiwiliwili, mimi nadhani ni WH2. Kampala wameshaandaa mashindano ya kimataifa ya wachezaji wenye ulemavu, na Kampala kunafikika kwa basi. Pasipoti hana. Jumatatu tunakwenda Uhamiaji.