Kutoka Dodoma hadi Stesheni, kisha Kimara

Abiria wa behewa letu walianza kusimama Pugu. Treni bado iko mwendoni, mabegi yameshashushwa, na mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa amepakata boksi lake la zabibu za Dodoma lisije likapigwa kikumbo.

"Mwanangu, nikitoka tu hapo Stesheni napata gari la Manzese?"

Nikamwambia njia yetu ni moja, mimi nakwenda Kimara, tutapanda basi la mwendokasi pamoja.

Tulikuja na mchongoko, ile treni ya reli mpya iliyochongoka kichwa. Treni hizi za umeme zinafika kilomita 160 kwa saa, na safari ambayo kwa basi inakula kutwa inakwisha kabla mtu hajapata usingizi wa maana. Reli hii mpya ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma; michongoko yenyewe ilifuata Novemba mwaka huohuo. Treni ikishaingia mjini reli inapanda juu ya daraja refu, zaidi ya kilomita mbili, na wewe unapita juu ya mapaa ya bati na malori yaliyokwama kwenye foleni. Kwa mtu aliyezoea kuingia Dar kwa kusota barabarani, hapo lazima ujione mheshimiwa.

Stesheni mpya ni jengo la vioo lililochorwa kwa mfano wa tanzanite, na limepewa jina la Magufuli. Jirani yake iko stesheni ya zamani, ya reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ina upana wa mita moja kamili. Hii tuliyokuja nayo ni milimita 1,435. Na ukienda Barabara ya Nyerere, reli ya Tazara ni milimita 1,067. Jiji moja, vipimo vitatu, wala hakuna behewa linaloweza kutoka reli moja likaingia nyingine hivi hivi.

Abiria naye ni vivyo hivyo: anashuka, anabeba, anatafuta. Nje ya geti tulipokewa na bajaji na bodaboda, kila mmoja akiahidi kutufikisha "sasa hivi". Mama alitaka kukubali. Nilimwomba tutembee, maana kituo cha Gerezani hakiko mbali. Nikabeba boksi mimi, yeye akashika mkoba na mwavuli. Ni mwendo mfupi, ila jua la Dar saa saba mchana halina huruma, na unakatiza katikati ya mikokoteni na wauza maji. Waliojenga jengo zuri namna ile wangeongeza njia yenye paa hadi Gerezani, wala nisingeuliza imegharimu kiasi gani.

Mwendokasi ulikuja umejaa nusu. Kijana mmoja akampisha mama kiti, mimi nikaning'inia. Msimbazi Polisi, Fire, halafu Jangwani, ambako Mto Msimbazi ukifurika mabasi haya husimama, maana barabara inageuka bwawa. Siku hiyo palikuwa pakavu, vumbi tupu. Baada ya Magomeni mama akaanza kuuliza kila kituo kama ndipo. Tip Top nikamshushia boksi, akanipa kichala kimoja kwa nguvu, nami sikukataa sana.

Ubungo ndipo nilipopata kiti. Hapo Ubungo Maziwa ndipo inapoishia treni ya Mwakyembe, ile ya mjini iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo ilipoanza Oktoba 2012, inayotokea palepale Stesheni tulikotoka na kupita kwenye reli yake bila kujua foleni ni nini. Ingekuwa ndiyo njia yangu. Lakini hiyo ni treni ya asubuhi na jioni, ya watu wa kazini. Anayeshuka kutoka Dodoma saa saba mchana haimhusu.