Spea za mbele za Land Cruiser na Hilux za zamani: kipi kinaingia, kipi kinakudanganya

Wakuu habari zenu, leo naongelea ekseli ya mbele na breki maana watu wengi wananiuliza na wengi wanauziwa vitu visivyoendana. Hapa Arusha gari za zamani bado zinapiga kazi kweli kweli, Land Cruiser series 60, hardtop 75, series 80, Hilux zile zenye ekseli nzima mbele, zinapanda porini na zinabeba wageni na mizigo, na spea mpya jenuini bei yake unaijua mwenyewe, kwa hiyo mtu anashuka Dar kutafuta used Gerezani au anafungua gari bovu lililolala kwenye yadi ya jirani. Mimi sipingi hilo hata kidogo. Ninachopinga ni fundi kukwambia "inaingia hiyo bosi" kwa sababu tu matundu ya boliti yamelingana. Breki ni seti: disiki, kalipa (inayobana pedi kwenye disiki), habu (kitovu kinachobeba tairi) na masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedeli) vinatakiwa viongee lugha moja, ukibadilisha kimoja ujue umegusa vyote.

Sababu ya hizi gari kubadilishana spea ni kwamba Toyota walikaa na muundo uleule miaka mingi. Ekseli nzima, mwisho wake kuna bakuli la duara, ndani ya bakuli sivijointi (kiungo kinachozungusha tairi hata ukikata kona), juu na chini beringi za kingpini ambazo nako inageukia, halafu nako yenyewe inayogeuka na tairi, kisha spindo (mhimili ambao habu inazungukia), habu na nati mbili kubwa zenye washa ya kukunja katikati yake. Soketi ya 54 ukiwa nayo umefungua Hilux, umefungua 60, umefungua 75 mpaka 80. Kwa hiyo mtu akiona vinafanana hivyo anaamini kila kitu ni kimoja, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Tuanze na wale wenye Land Cruiser series 40 za zamani zenye dramu mbele. Hizi zikipita mtoni unakanyaga breki gari linavuta upande mmoja mpaka dramu zikauke, kwenda disiki ni uamuzi mzuri sana. Njia nzuri ni kuchukua kila kitu kuanzia nako kwenda nje, kutoka kwenye series 60 au Hilux ya 1979 hadi 1985, usichukue vipande vipande. Mikono ya stelingi baki na ya gari lako. Meno ya shafti hesabu kabla hujalipa, maana 40 za mwanzo kabisa zina meno manene machache na za baadaye zina meno membamba mengi, haziingiliani hata ukipiga nyundo. Halafu kuna kitu mafundi wengi wanakiruka: masta silinda ya mfumo wa dramu ina kavalvu kanakobakisha presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedeli. Dramu zinahitaji hiyo presha, na springi zake zinavuta breki zirudi. Disiki haina springi ya kurudisha, kwa hiyo ukiacha hako kavalvu, pedi zinabaki zimegusa disiki, habu inachemka, grisi inayeyuka, na baada ya safari ya Karatu na kurudi unanunua beringi. Katoe au weka masta ya gari yenye disiki mbele.

Kwenye Hilux ndipo kuna raha. Ile ya 1979 hadi 1985 ilikuja na disiki nyembamba isiyo na matundu ya hewa, unene wake milimita 12.5 ikiwa mpya. Disiki ya series 60 ina matundu katikati ya kupitisha hewa, unene milimita 20, na inafunga kwenye habu ya Hilux. Sasa kalipa. Angalia herufi zilizosubiwa kwenye mwili wa kalipa, futa uchafu na brashi ya waya utaziona: ile ya disiki nyembamba usijaribu kuilazimisha kwenye disiki nene, haina nafasi. Inayotafutwa ni S12W, ile ya Hilux na 4Runner za V6 (injini ya silinda sita) za baada ya hapo. Inakaa kwenye nako ya Hilux, ina pistoni kubwa, pedi kubwa. Bati la vumbi nyuma ya disiki utalikata kidogo, na kabomba kadogo ka breki utakakunja upya taratibu kasipasuke. Rimu jaribu kwanza na mkono kabla ya kufunga tairi, zungusha uone haigusi kalipa.

Lakini pistoni kubwa zinakula oili nyingi. Masta ndogo ya zamani itakupa pedeli inayoshuka chini sana, fundi atatoa upepo asubuhi mpaka jioni na pedeli itabaki vilevile kwa sababu tatizo siyo upepo. Watu wanaweka masta ya inchi moja ya hiyo hiyo V6 na pedeli inapanda. Sasa ukiambiwa bei ya kalipa, jumlisha na masta hapohapo ndiyo ujue bei halisi.

Kwenye hardtop na pikapu kuna mtego mwingine. 75 ni nati sita, mbele springi za kawaida za kupangana. Mwaka 1999 zilipotoka 78 na 79, mbele wakaweka koili na tairi zikawa nati tano. Mtu anakuletea ekseli nzima ya mbele ya 79, safi haina kutu, anasema funga kwenye 75 yako. Hakuna pa kukalisha springi zako, unaanza kuchomelea mabano, na ukimaliza mbele una nati tano nyuma nati sita, yaani unatembea na spea tairi mbili porini. Za kuanzia 2007 ndiyo kabisa, mbele ni pana kuliko nyuma. Mimi kwa 75 nasema tafuta ya 75 mwenzake.

Series 80 nayo ni ya koili na difu yake ya mbele siyo ile ya 60 na 75, ni ndogo zaidi na shafti inaingilia juu, kwa hiyo usichukue difu ukidhani ni moja. Na kama 80 yako ina ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), sivijointi yake ina pete ya meno ambayo sensa inaisoma. Ukiweka isiyo na pete gari litatembea ila ABS imekufa. Beringi na oilisili usinunue kwa jina la gari, nenda na ile ya zamani mkononi, soma namba kwenye ukingo wake, linganisha.

Kufunga sasa. Zile washa za koni kwenye stadi za habu na za mkono wa nako zinakaba, usizitoe kwa patasi, gonga kichwa cha stadi kwa kipande cha shaba na zitaruka zenyewe. Ukifungua na ukakuta grisi imekuwa uji mweusi unaonuka oili ya difu, oilisili ya ndani imekufa, badilisha hapohapo hata kama hukupanga. Ndani ya bakuli weka grisi ya moli (yenye molibdeni), kwenye beringi za tairi grisi ya kawaida ya lithiamu. Bushi ya shaba ndani ya spindo ipake grisi, wengi wanaisahau kabisa. Ukibadilisha nako, shimu za kingpini (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za gari ulikoitoa zinaweza zisikae sawa kwenye ekseli yako, zinatakiwa zipimwe upya. Kabla hujaweka sili wala kuunganisha stelingi, chukua mizani ya kuning'iniza ya sokoni, ndoano kwenye tundu la mkono wa stelingi, vuta usome kilo nako inapoanza kusogea, linganisha na kitabu cha gari lako. Ikiwa laini stelingi itatetemeka, ikiwa ngumu beringi haitadumu.

Mwisho, nyuma kuna valvu ya uzito yenye fimbo iliyoshikwa kwenye ekseli, inapima mzigo na kugawa breki za nyuma. Umenyanyua springi? Fimbo hiyo inadhani gari halina kitu, inanyima nyuma breki, na kalipa zako mpya za mbele zinabeba kazi yote. Irekebishe, usiizibe. Jaribu gari kwenye uwanja wa vumbi likiwa jepesi, kisha likiwa na mzigo, gusa habu zote mbili kwa mkono uone kama joto ni sawa, kaza tena nati za mikono ya nako baada ya siku chache za kazi, ndipo ushuke nalo kreta ya Ngorongoro na wageni ndani.