Mbio ambazo binti yangu hakukimbia

Kwenye mstari walikuwa wasichana tisa. Binti yangu alikuwa wa pili kutoka ndani, namba imebanwa kifuani kwa pini, na mimi niko juu kwenye ngazi za watazamaji nimeshika saa ya kuhesabia sekunde. Mbio za mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo zinaanzia upande wa pili wa uwanja. Sura yake sikuiona vizuri. Nilimtambua kwa mkao tu, maana tangu utotoni akiwa na wasiwasi huteremsha bega la kushoto.

Mwamuzi akanyanyua mkono. Mwanangu naye akanyanyua wake.

Asiyejua mwaka ule ulivyoanza hawezi kujua mkono ule ulikuwa mzito kiasi gani. Miezi kumi kabla ya siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 14. Alirefuka ghafla, suruali zikamfupia, akakonda. Mimi na mama yake tukasema ni balehe hiyo, mtoto anavuta urefu. Kisha akaanza kunywa maji kupita kiasi. Chupa ya lita moja na nusu aliilaza kando ya kitanda imejaa, asubuhi unaikuta tupu, na usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda msalani. Usiku mmoja nilimgombeza. Nilimwambia aache kunywa maji ovyo uone kama hatalala. Alikuwa ameegemea ukuta wa korido, macho yamezama. Akasema, "Baba, nina kiu isiyoisha." Nikamwambia arudi kitandani.

Siku tatu baadaye alianza kutapika. Pumzi yake ikawa nzito na ya haraka, yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mpaka yanaharibika. Hospitalini walimtoboa kidole, na kile kipimo kidogo hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na pasipo insulini sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukichoma mafuta yake na kuijaza damu tindikali. Kiu, mkojo wa mara kwa mara, kukonda: vyote vilikuwa vinatupigia kelele, sisi tukaviita balehe. Mzazi unayesoma hapa, ukiona mambo hayo kwa mwanao, usingoje kesho. Mpeleke akapimwe, ni tone moja tu la damu.

Muuguzi alituambia kwamba hakuna chakula tulichompa wala kosa tulilofanya lililomletea ugonjwa ule. Namwamini. Lakini kiu ile niliigombeza mimi, na sijaisahau.

Wiki za mwanzo hakutaka kuongea na mtu. Alikuwa akijichoma sindano huku amegeukia ukutani, nasi tukijifanya hatuoni. Aliyemtoa huko ni mvulana aliyefariki zamani sana, Leonard Thompson. Alisoma habari zake kitandani usiku, asubuhi akaja nazo mezani. Januari 1922, huko Toronto, Leonard alikuwa binadamu wa kwanza mwenye kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini. Siku zile dawa ilikuwa njaa: wagonjwa walinyimwa chakula ili wasogezwe siku chache mbele, naye alikuwa amebaki na kilo 29 hivi. Sindano ya kwanza, ya tarehe 11, haikuwa safi na haikumsaidia sana. Waliisafisha dawa, wakamchoma tena tarehe 23, na safari hiyo sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

"Alikuwa na miaka 14, Baba," aliniambia. "Kama mimi. Na hakujua kama itafanya kazi." Tangu siku hiyo akawa anamwita kaka. Sindano ikimuuma, utamsikia akinong'ona, "Kaka, twende."

Mengine ya mwaka ule nitayapita haraka, ingawa kila moja lina machozi yake. Alipoteza rafiki mmoja aliyedhani kisukari kinaambukiza, akapata wawili wapya. Alijifunza kukadiria wanga kwenye sahani kwa kuitazama tu, nami mpaka leo nakosea. Tuligombana kwa sababu ya simu, ya mitihani, na ya mimi kumwuliza "umepima?" kabla hata sijamsalimia. Na kila usiku, saa nane, kengele yangu ililia, nikanyata hadi chumbani kwake, nikamtoboa kidole akiwa usingizini, nikasoma namba kwa mwanga wa simu.

Mbio ndizo alizokataa kuziacha. Daktari hakumzuia, alimpa masharti. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kwa kasi, na insulini iliyokwisha ingia mwilini huwezi kuitoa, kwa hiyo sukari inaweza kuanguka katikati ya mbio au hata saa nyingi baadaye, akiwa amelala. Apime kabla. Sukari ikiwa chini ya 5 (kipimo chetu huhesabu milimoli kwa lita ya damu), asianze kwanza. Miezi sita aliamka alfajiri kujiandaa kwa siku ile moja, na mazoezini alikuwa amefikia muda ambao ungemfikisha fainali.

Siku yenyewe alipima dakika ishirini kabla: 6.4. Alinionyesha kile kipimo akiwa anacheka, akashuka uwanjani.

Sasa hapa ndipo penye ugumu ambao watu wengi hawaujui. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutoa jasho jembamba, moyo humwenda mbio. Mwanariadha anayengoja mlio wa bastola naye hutetemeka, hutoa jasho, moyo humwenda mbio. Homoni ni ile ile. Mtoto wa miaka 14, mbele ya uwanja uliojaa, na miezi sita ya alfajiri nyuma yake, alitakiwa kuamua kwa sekunde chache kama anachokisikia ni hofu au ni hatari. Kila kitu ndani yake kilikuwa na sababu ya kumwambia ni hofu tu.

Akanyanyua mkono. Akatoka kwenye mstari.

Nilianza kushuka zile ngazi mbili mbili. Alikuwa ameketi kwenye nyasi na kocha amechuchumaa kando yake, na aliponiona nakuja akanigeuzia kiganja: baki hapo hapo. Nikabaki, nimeshikilia uzio. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko kusimama pale. Nilimwona akipangusa kidole, akikitoboa, akingoja. Baadaye nilijua ilikuwa 3.4. Alitia vidonge vinne vya glukosi kinywani, akatafuna, akatazama saa. Dakika kumi na tano za kungoja kabla ya kupima tena, na mbio haziwezi kumngoja mtu dakika kumi na tano. Bastola ikalia. Wasichana wanane wakaondoka.

Alilia kwanza, uso amefunika kwa taulo. Kisha, mwenzake wa timu alipopita akiwa wa tano, nikasikia sauti yake, kavu na kali, ikipenya uwanja mzima: "Mikono! Shusha mikono!" Mzunguko uliofuata alikuwa amesimama. Yule mwenzake alimaliza wa tatu, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa mwanangu, na pakiti ya glukosi bado ingali mkononi.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Umeudhika, Baba?"

"Niudhike na nini, mama?"

"Nimekupotezea siku nzima."

Ilibidi nisimamishe gari. Nilimwambia nimemwona akikimbia mara nyingi, na hakuna hata mara moja niliyojisikia fahari kama leo. Hakunijibu. Alitazama dirishani, halafu akasema, "Midomo ilikufa ganzi. Nikiogopa, midomo haifi ganzi. Ndivyo nilivyojua."

Usiku ule nililala na wasiwasi, maana sukari ikishaanguka mchana huweza kuanguka tena usiku kwa urahisi. Saa nane kengele ikalia, nikachukua kipimo cha akiba, nikanyata koridoni, pale pale alipowahi kuegemea ukuta akiniambia ana kiu. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Kwenye kitasa alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye mwandiko wa haraka:

"Saa 7:50. Nimepima mwenyewe. 7.2. Kalale, Baba."