Santuri ya Dhahabu ya Mtu Nisiyemjua

Wageni wakiingia kwetu huitazama fremu yenye santuri ya dhahabu iliyo juu ya kochi, kisha huniuliza, "Kumbe uliwahi kuimba?" Sikuwahi. Jina lililochongwa kwenye kibati ni la bwana mmoja aliyefanya kazi redioni hapa Ohio, na hatukuonana hata siku moja. Alitunukiwa mwaka 1972, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Bill Withers, Still Bill, ilipopita mauzo ya dola milioni moja.

Niliipata kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, ile siku familia inapofungua milango na watu wakapita chumba kwa chumba wakichagua. Ilikuwa chini kabisa ya nyumba, nyuma ya meza ya kupigia pasi. Nililipa dola 280 bila kuvuta bei. Baba yangu alikuwa fundi redio Majengo, Mombasa, na "Lean on Me" iliyomo kwenye albamu hiyo niliijua mwanzo hadi mwisho kabla sijakijua Kiingereza chenyewe. Ningeiachaje?

Watu wengi hudhani tuzo hizi hupewa mwanamuziki peke yake. Chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, RIAA, kilianza kuzithibitisha mwaka 1958, na wimbo wa kwanza kupata dhahabu ulikuwa wa Perry Como. Lakini kampuni ziliagiza nakala za ziada kwa mameneja, wauzaji, wenye maduka na watangazaji, yaani wale waliobeba maboksi na kuupiga wimbo hadi ukashika. Hizo ndizo ninazozitafuta. Ya mwanamuziki maarufu itapata mtu wa kuitunza. Ya muuza santuri yaweza kutupwa jalalani wiki ileile anayozikwa.

Yangu ni ya aina ambayo sisi wakusanyaji tunaithamini sana: mandhari meupe kama kitani nyuma ya santuri, fremu ya mbao, muundo uliotumika hadi katikati ya miaka ya 1970. Ule weupe umeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na sitaki mtu ausafishe.

Usiku wa kwanza niliishusha nikaimulika kwa tochi. Santuri ina mikanda ya kung'aa inayotenganisha wimbo na wimbo, unaweza kuihesabu kwa macho. Still Bill ina nyimbo tano kila upande. Nikahesabu sita. Nikarudia, sita. Sahani iliyopakwa dhahabu ni ya albamu nyingine kabisa! Baadaye nilijifunza kwamba ni jambo la kawaida: mtengenezaji alichukua sahani yoyote iliyokuwa karibu, akaipaka, akaibandika lebo inayohusika. Mke wangu alisikitika. "Baba Salim, sasa umenunua nini?" Nikamwambia nimenunua kibati. Kibati hakikukosea jina la mtu.

Kuhesabu nyimbo, basi, hakukuambii kama tuzo ni bandia. Historia ndiyo inayokuambia, na somo hilo nililipia. Miaka minne iliyopita niliuziwa tuzo ya RIAA ya What's Going On ya Marvin Gaye, eti ya 1971. Ilikuwa nzuri mno, na moyo ulitangulia akili. Motown, kampuni ya rekodi ya Gaye, wakati huo haikuwa ikiifungulia RIAA vitabu vyake vya hesabu, kwa hiyo RIAA haikuweza kuthibitisha mauzo yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijitengenezea santuri zake za dhahabu yenyewe. Tuzo niliyoishika haikuweza kuwepo mwaka ule. Vivyo hivyo mtu akikuonyesha platinamu ya RIAA, tuzo iliyo juu ya dhahabu, ya 1973, mwamkie kwa heshima uondoke: platinamu ilianza 1976. Niliumia, si kwa pesa tu, bali kwa kuwa nilikuwa nimeshamsimulia mwanangu habari zake.

Bill Withers mwenyewe, kabla ya umaarufu, alikuwa kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege. "Ain't No Sunshine" ilipopata dhahabu, kampuni yake ya rekodi ilimpa choo cha dhahabu. Kila nikikumbuka hilo nampenda zaidi.

Sasa natafuta santuri ndogo ya "Lean on Me", nayo ilipata dhahabu 1972, iwe na jina la duka au la mchuuzi. Nikiipata itakaa kushoto, pale penye saa. Mama Salim ameshakubali saa ihamie jikoni.