Kanzu ndogo, mwaka kwa mwaka

Somo la juma: 1 Samweli 2:12–26

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Hana alijuaje kipimo?

Swali hili limenikaa tangu Jumapili. Mtoto wake Samweli, aliyemtoa kwa Bwana, yuko Shilo kwa kuhani mzee Eli, mama yuko Rama, na wanaonana mara moja kwa mwaka, familia inapopanda kwenda kutoa dhabihu. Na kila mwaka, Neno linasema, Hana alikwenda na kanzu ndogo aliyomfanyia mwanawe. Ile ya mwaka jana isingemtosha tena. Mikono ya mtoto inarefuka na mabega yanapanuka, na mama hayupo kuyaona. Basi Hana alikaa na kitambaa mapajani akapima kwa moyo: kama safari ile alinifikia kiunoni, sasa atakuwa amenifikia hapa.

Ukitaka kumwona Hana, nenda soko la mitumba la Gikomba, hapa Nairobi, mwezi wa Desemba. Dada mmoja katika ushirika wetu anafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, na watoto wake wawili wanalelewa na nyanya yao Busia. Niliwahi kufuatana naye kununua nguo za Krismasi. Anainua rinda kutoka kwenye rundo, analitikisa, analitazama, kisha macho yanaanza kutafuta mtoto katikati ya ule umati. "Samahani mama, huyu wako ana miaka mingapi? Naomba nimpimie mgongoni kidogo tu." Siku ile hakuna mama aliyemkatalia. Mtoto wa watu anasimama wima, rinda linawekwa mabegani mwake, dada yetu anarudi nyuma hatua moja, anakunja uso. Halafu anachukua saizi inayofuata. Viatu vilikuwa na njia yake. Nyanya alipima mguu wa kila mtoto kwa uzi, kutoka kisigino hadi kidole gumba, akafunga fundo, na zile nyuzi mbili zikaja na basi mpaka kituo cha Country Bus pale Landhies Road, zimefungwa ndani ya karatasi. Dada yetu alizitia kwenye Biblia yake. Tulizungusha nyuzi zile sokoni asubuhi nzima, tukizinyoosha ndani ya kila kiatu.

Mimi nililelewa Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Chumba kimoja, pazia katikati, kitanda cha wazazi upande wa ndani, na sisi watoto tukitandika chini jioni na kukunja asubuhi. Jumamosi ilikuwa siku ya nguo. Karai, mche wa sabuni, na bluu kidogo kwenye maji ya mwisho ili shati jeupe litoke na mng'ao. Jioni ikaja zamu ya pasi ya makaa. Mama aliipuliza nje, mbali na nguo, akiitikisa taratibu mpaka majivu yatoke yote, kisha alichovya kidole kwenye maji na kurusha tone moja chini ya pasi. Likilia "tss" na kutoweka, iko tayari. Likikimbia kama ushanga, ni moto mno, ngoja. Mpaka leo nikisikia sauti ile popote, kesho yake huwa ni Jumapili.

Nguo mpya zilikuwa za aina mbili tu: sare ya shule, ya Januari, na ya Krismasi. Mitumba haikuwa imefurika jijini kama ilivyokuja kufurika miaka ya 1990 soko la nchi lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje. Mama alinunua kitambaa Biashara Street, akakipeleka kwa fundi aliyekaa barazani na cherehani yake. Na kila mara aliacha maagizo yaleyale: "Weka pindo la vidole vinne."

Fundi aliguna. Pindo nene hulilemaza rinda, linakaa zito kama limelowa. Lakini mama hakuwa akinishonea rinda la mwaka mmoja. Januari iliyofuata alikaa mlangoni penye mwanga, wembe mkononi, akakata nyuzi za pindo moja baada ya nyingine, akalishusha vidole viwili, akalishona tena kwa mkono. Mwaka uliofuata, viwili vilivyobaki.

Kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani hakikuwa kimeona jua wala bluu ya Jumamosi. Kilitoka na rangi yake ya dukani, samawati iliyoiva, huku rinda lililobaki limepauka. Na pale pindo la zamani lilipokuwa limekunjwa ulibaki mstari mweupe ambao hata pasi haikuufuta. Darasa la tatu nilikuwa na mstari mmoja. Darasa la nne ikawa miwili, imelala sambamba kuzunguka rinda zima, na baba yangu ni mtu wa reli. Watoto hawakuhitaji msaada. Waliniita Reli mwaka mzima, nami nilijifunza kutembea nimebana daftari mbele ya magoti.

Siku moja nilirudi nikilia. Mama alikuwa akichambua sukuma wiki. Hakuacha kazi, ila alisema neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa na watoto wangu: "Hao wanaokucheka marinda yao hayana pindo. Mwakani watavaa nini?"

Naomba mtulie nami hapa, kwa maana ndipo Bwana aliponishika juma hili. Rinda lile lilishonwa mwaka 1984, mvua zilipokosekana na nchi ikala ugali wa mahindi ya manjano. Walioishi mwaka ule wanaikumbuka ladha yake. Kuna jioni nyumbani mwetu chakula kilipimwa kwa mwiko, na mama akasema ameshiba kabla hajakaa. Katika mwaka huo, akiwa na mtoto mwenye miguu myembamba kama ya korongo, alisimama mbele ya fundi akasema vidole vinne. Alilipia kitambaa cha mtoto ambaye hajakuwapo bado. Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja. Ila imani niliyoivaa mwilini ilikuwa ile, imekunjwa kwa ndani, ikinigonga magoti nikitembea.

Tazameni pia mahali mstari wa kanzu ulipowekwa. Juu yake, aya ya 12 hadi 17, ni habari za wana wa Eli wakinyang'anya nyama ya dhabihu kwa uma wa meno matatu. Chini yake, kuanzia aya ya 22, ni uovu wao na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Shilo haikuwa mahali salama. Hana alimwacha mtoto katika nyumba yenye uchafu wa watu wazima, na mzee wa nyumba alikuwa ameshindwa na wanawe mwenyewe. Na katikati kabisa ya uchafu huo, mwandishi anaweka kanzu ndogo. Mtoto alipita kila siku mbele ya watu wale akiwa ndani ya nguo ambayo kila mshono wake ulipitia vidole vya mtu aliyemwombea. Nawaza watoto wetu wanaotoka kila asubuhi kwenda kungoja gari la matatu mahali tusipopafahamu, na watu tusiowafahamu.

Halafu kuna nywele.

Nadhiri ya Hana katika sura ya kwanza ilikuwa na mambo mawili: mtoto atakuwa wa Bwana siku zote, na wembe hautamfikia kichwani. Samweli alikua na nywele zake zote. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Shule ilitaka vichwa vifupi, na wembe uleule uliokata nyuzi za pindo ndio uliopita kichwani mwangu Januari, mapovu ya sabuni yakinitiririkia shingoni. Lakini kufika Desemba, kama mama alifumbia macho muhula wa tatu, zilikuwa zimeota za kushikika. Hapo ndipo kilipotolewa kitana cha chuma.

Nilikaa kwenye kigoda kati ya magoti yake, nayo yakanibana mabega. Kitana kililala juu ya makaa. Alikitoa, akakifuta kwa kitambaa kikuukuu, akakijaribu kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia alikipungia hewani kwanza. Kisha aligawa nywele kwa ncha ya kitana cha mbao, fungu dogo, akapaka mafuta kwenye ngozi kwa kidole, akasema, "Shika sikio." Nilikunja sikio mbele kwa mkono wangu mwenyewe, nikaacha kupumua. Mafuta yalichemka kwa sauti ndogo karibu kabisa na ngozi, moshi ukapanda, na fungu moja likalala. Kisha fungu jingine. Ilichukua mchana kutwa. Alijua kovu lililo nyuma ya kichwa changu ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Alijua zinapoota kwa wingi na zinapokataa. Akiona upele mdogo alinyamaza, akaupaka mafuta mara mbili.

Bwana wetu anaposema katika Mathayo 10 kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote, anawaambia watu anaowatuma kama kondoo kati ya mbwa-mwitu, watu watakaopigwa na kukataliwa na ndugu zao. Ni neno la faraja, na zamani nililisoma kama habari ya akili kubwa ya Mungu, kwamba hesabu haimshindi. Sasa nalisoma nikiwa kwenye kigoda. Nywele hazihesabiki kwa mbali. Lazima mtu akae nyuma yako, akubane kwa magoti, agawe fungu kwa fungu, aguse ngozi. Anayejua idadi ni yule ambaye mikono yake imepita humo.

Na Samweli je, alichanwa na nani? Mama hayupo, na macho ya Eli yalikuwa yameanza kupofuka. Labda mmoja wa wanawake wa mlangoni alimwonea huruma. Nalisema hili kwa ajili ya wenzetu waliolelewa na shangazi, na mama wa kambo, na makao ya watoto, au waliojilea wenyewe. Ninyi mnaposikia mtu kama mimi akisimulia magoti ya mama, kitu huwabana kifuani. Kumbukeni kwamba mtoto huyu wa Shilo pia aliamka asubuhi nyingi bila mama, na ni kwake usiku Bwana alikuja akasimama, akamwita kwa jina, zaidi ya mara moja, bila kuchoka kurudia.

Jambo moja la kusoma wenyewe juma hili. Neno la Kiebrania la ile kanzu ndogo linarudi mara mbili katika maisha ya Samweli. Katika sura ya 15 ni mzee, anageuka kuondoka, mfalme Sauli analishika pindo la vazi lake, nalo linararuka. Na katika sura ya 28, Samweli amekwisha kufa, Sauli anamwendea mwanamke wa Endori mwenye pepo wa utambuzi ili amwite, anauliza ameonekana wa umbo gani, na mwanamke anajibu kwamba ni mzee aliyejifunika vazi lenye jina lilelile. Kwa vazi hilo Sauli akamtambua. Nabii aliyewapaka mafuta wafalme wawili alivaa kanzu mpaka mwisho, na ya kwanza alivalishwa na mama yake. Mimi huamini kwamba alikuwa akikumbuka kila alipoivaa.

Tuwaombee majuma haya akina mama walio mbali na watoto wao, walio Kileleshwa na walio Ghuba, wanaopima kwa uzi na kwa picha ya simu. Ukiombwa mtoto wako asimame apimiwe nguo ya mwingine, msimamishe.

Mama yangu ana miaka 76 sasa, anaishi nami. Jumapili iliyopita niliona rinda lake la kanisani linamteleza mabegani, na chini linaburuta. Amekuwa mdogo, wapendwa. Kila mwaka namwona akipungua ndani ya nguo zilezile. Jumatatu nilimsimamisha dirishani nikampima kwa pini, nikamwambia nitalipeleka kwa fundi akate kile kinachozidi.

Alishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua.

"Asikate," akasema. "Akunje kwa ndani."

Nikamwambia fundi vidole vinne.